Shina Likihamishwa: Nasaba ya Matawi katika Programu za Kudhibiti Matoleo na Funzo Lake kwa Wahariri wa Matini za Kiswahili



1.0 Utangulizi

Historia ya Pate imewafikia wasomaji kwa njia nyingi. C. H. Stigand aliichapa kwa Kiingereza mwaka 1913 katika kitabu chake cha The Land of Zinj. Alice Werner alitoa matini nyingine mwaka 1914 na 1915, na M. Heepe akatoa yake mwaka 1928. Mwaka 1993 Marina Tolmacheva alizikusanya matini hizo na nyinginezo katika kitabu kimoja ili zisomwe sambamba. Nyingi kati yake zinarejea kwa mtu mmoja, Muhammad bin Fumo Omar, aliyejulikana kama Bwana Kitini. Inaelezwa kwamba mswada wa kale uliokuwa msingi wa habari hizo ulipotea Witu mwaka 1890, mji huo uliposhambuliwa na Waingereza. Matawi yapo; shina halipo.

Hali hiyo ndiyo iliyoizoesha taaluma ya uhariri wa miswada kutazama nyuma. Mhariri anayefuata mbinu zinazohusishwa na Karl Lachmann, mwanafilolojia wa Ujerumani wa karne ya 19, hulinganisha nakala zilizobaki, hutafuta makosa yanayoshirikiwa, kisha huchora mti wa nasaba hadi kwa mzazi asiyeonekana. Swali lake ni hili: nakala hizi zilitoka wapi?

Mhadhara huu unahusu swali lililogeuzwa. Katika programu za kudhibiti matoleo, ambazo leo hutumiwa na waandishi wa programu na vilevile na watunzi wa kamusi, wafasiri na wakusanyaji wa kongoo, mzazi hapotei. Yupo, anasomeka, na anaweza kurekebishwa hata baada ya kuzaa. Swali basi huwa: mzazi akirekebishwa, watoto waliokwisha kuzaliwa wanakwenda wapi? Hoja itakayotetewa ni kwamba jibu hutegemea namna kila programu inavyoelewa utambulisho wa badiliko, na kwamba suala hilo wanaisimu wanalijua vizuri, ingawa wamezoea kulikuta katika vazi jingine.

2.0 Istilahi chache

Programu inayozungumzwa zaidi hapa ni Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwezi Aprili 2005 kwa ajili ya kazi ya kiini cha mfumo wa Linux, na ambayo tangu Julai mwaka huohuo imekuwa chini ya usimamizi wa Junio Hamano. Kila mara mtumiaji anapohifadhi hatua ya kazi yake, Git huunda kile kitakachoitwa hapa rekodi. Rekodi hubeba hali ya mafaili yote kwa wakati huo, jina la aliyefanya badiliko, tarehe, maelezo mafupi, na kitambulisho cha rekodi iliyoitangulia, yaani mzazi wake.

Kutokana na hayo yote kwa pamoja, programu hukokotoa kitambulisho cha rekodi yenyewe: mfuatano wa tarakimu na herufi ambao kwa kawaida una urefu wa alama 40. Kitambulisho hicho hakichaguliwi na mtu. Herufi moja ikibadilika katika faili, au mzazi akibadilika, kitambulisho nacho hubadilika.

Tawi, kwa upande wake, si mfululizo wa rekodi kama wengi wanavyodhani. Tawi ni jina tu, yaani kielekezi kinachoonyesha rekodi moja ya mwisho. Yote yaliyo nyuma ya rekodi hiyo hupatikana kwa kumfuata mzazi wa mzazi hadi mwanzo.

Hapa mapokeo ya Waswahili yanatoa mfano ulio karibu. Jina kama Muyaka bin Haji humtaja mtoto na kumtaja baba. Anayelisikia anaweza kupanda ngazi ya nasaba: fulani bin fulani bin fulani. Lakini jina la Haji peke yake halisemi kwamba alimzaa Muyaka. Nasaba iliyomo katika jina huenda juu tu, haishuki. Rekodi za Git zimejengwa hivyohivyo. Kila mtoto anamtaja mzazi wake; hakuna mzazi anayemtaja mtoto. Ukweli huu mdogo ndio chanzo cha karibu kila tatizo litakaloelezwa hapa.

3.0 Mfano wa kamusi

Ichukuliwe kwamba watunzi watatu wanaandaa kamusi. Shina la kazi lina rekodi ya 1 na ya 2. Mtunzi wa kwanza anafungua tawi analoliita ngeli. Katika rekodi ya 3 anatia alama za ngeli, na katika rekodi ya 4 anatia maumbo ya wingi. Mtunzi wa pili, bila kungoja, anaanzia kwenye rekodi ya 4, anafungua tawi la mifano na kuweka rekodi ya 5 na ya 6 zenye sentensi za matumizi. Mtunzi wa tatu anaanzia kwenye rekodi ya 3, anafungua tawi la asili na kuweka rekodi ya 7 yenye asili ya maneno. Wakati huohuo shina linaongezewa rekodi ya 8, inayosawazisha vifupisho.

Sasa mtunzi wa kwanza anagundua kosa katika rekodi ya 3. Nomino rafiki imepewa ngeli ya I-ZI kwa sababu ya umbo lake, ilhali upatanishi wake na kitenzi, kwa kuwa inataja mtu, ni wa A-WA. Anaamua kufanya mambo mawili kwa pamoja: kusahihisha rekodi ya 3, na kuliondoa tawi lake juu ya rekodi ya 2 ili lipandwe juu ya rekodi ya 8. Tendo hilo, ambalo katika Git hufanywa kwa amri ya rebase, linafaa kuitwa kupandikiza upya.

Neno kuhamisha lingepotosha hapa, kwa sababu hakuna rekodi inayohama. Programu hutunga rekodi mpya, ziitwe 3b na 4b, zenye mzazi mpya na hivyo vitambulisho vipya. Kisha hukiinua kielekezi cha tawi la ngeli na kukiweka juu ya 4b. Rekodi ya 3 na ya 4 za zamani bado zipo palepale zilipokuwa. Na kwa kuwa tawi la mifano humtaja rekodi ya 4 kuwa mzazi wake, tawi hilo limebaki juu ya msingi wa zamani, pamoja na kosa la rafiki. Tawi la asili limebaki vivyo hivyo juu ya rekodi ya 3. Programu haikutoa onyo lolote, kwa sababu kwa mantiki yake hakuna kilichoharibika.

4.0 Kosa linaloweza kurudi

Hatari ya kweli huanza pale mtunzi wa pili anapojaribu kujiunga na tawi jipya la ngeli. Akitoa amri ya kawaida ya kupandikiza tawi lake juu ya ngeli, programu hukusanya rekodi zote zilizomo kwake na zisizokuwamo kule anakokwenda. Kwa vitambulisho, rekodi hizo ni nne: ya 3, ya 4, ya 5 na ya 6.

Git ina busara fulani hapa. Hulinganisha mabadiliko yenyewe, si vitambulisho peke yake. Ikiona kwamba badiliko lililomo katika rekodi ya 4 ni lilelile lililomo katika 4b, huiruka. Lakini rekodi ya 3 haifanani tena na 3b, kwa sababu ilisahihishwa. Kwa programu, hilo ni badiliko jingine ambalo halijafika, na hivyo hujaribu kulitia tena. Mgongano hutokea kwenye kidahizo cha rafiki: upande mmoja I-ZI, upande mwingine A-WA. Programu husimama na kumwuliza mtu.

Jambo hili linastahili kutazamwa kwa makini. Rekodi iliyonakiliwa bila kuguswa ilitambuliwa. Rekodi iliyosahihishwa haikutambuliwa. Usahihishaji, ambao ndio uliokuwa lengo, ndio uliokata undugu kati ya rekodi ya zamani na mpya. Mtunzi wa pili, ambaye pengine hakushiriki mjadala wa ngeli, anaulizwa aamue jambo lisilokuwa lake. Akichagua vibaya, I-ZI inarudi katika kamusi, na safari hii inarudi kwa mkono wake.

Dawa ipo, lakini inamtaka mtu aijue nasaba ya kazi yake. Git inakubali amri yenye neno --onto, ambayo kwa maana yake husema: chukua yaliyokuja baada ya rekodi ya 4 ya zamani katika tawi la mifano, uyapande juu ya 4b. Kwa namna hiyo rekodi ya 5 na ya 6 peke yake ndizo zinazonakiliwa. Kwa tawi la asili, mpaka unaotajwa ni rekodi ya 3, na mahali pa kupanda ni 3b. Mwenye kutoa amri ndiye anayeleta elimu ambayo programu haina: kwamba 3b ni mrithi wa 3.

5.0 Matawi yanayofuatana na matawi yanayoachana

Mwezi Oktoba 2022, katika toleo la 2.38, Git iliongezewa chaguo la --update-refs. Chaguo hilo huiagiza programu kwamba, wakati wa kupandikiza tawi, kila kielekezi cha tawi jingine kinachoonyesha rekodi iliyomo katika safu inayopandikizwa nacho kiinuliwe na kuwekwa juu ya nakala mpya ya rekodi hiyo. Anayetaka iwe desturi anaweza kuiandika katika mipangilio yake.

Faida yake ni kubwa kwa matawi yanayopandana kama ghorofa. Mtumiaji akiwa na matawi yote katika hazina yake, akasimama kwenye tawi la juu kabisa, yaani mifano, akaanza kupandikiza kutoka hapo na kusahihisha rekodi ya 3 njiani, tawi la ngeli litapelekwa lenyewe juu ya 4b, kwa kuwa kielekezi chake kiko katika njia hiyo. Amri moja inafanya kazi ya mbili.

Hata hivyo, mipaka yake ni mitatu. Kwanza, akisimama kwenye ngeli badala ya mifano, tawi la mifano halitaguswa. Programu hutazama safu anayopandikiza, nayo inaishia kwenye ngeli. Yaliyozaliwa juu yake hayamo. Pili, tawi la asili halitaguswa katika hali zote mbili, kwa sababu rekodi ya 7 iko pembeni, nje ya safu. Tatu, chaguo hili linahusu hazina iliyo mkononi mwa mtumiaji. Tawi lililomo katika kompyuta ya mwenzake liko nje ya uwezo wake kabisa.

Mpaka wa tatu ndio unaogusa watu kuliko mashine. Git hutunza daftari la mahali kila kielekezi kilipopata kusimama, na aliyepotea anaweza kurudi kwa kulisoma. Lakini daftari hilo ni la hazina moja, halisafiri pamoja na kazi. Kwa mipangilio ya kawaida, kumbukumbu zake hudumu siku 90, na zile za rekodi ambazo tawi haliwezi tena kuzifikia hudumu siku 30. Kwa hiyo habari kwamba 3 ilizaa 3b, ambayo ndiyo ufunguo wa kila kitu, imeandikwa mahali ambapo wenzake hawasomi, na kwa muda tu. Ndiyo maana mafundi wengi hufuata kanuni isiyohitaji hesabu: andika upya yaliyo yako peke yako, yaliyokwisha kupokewa na wengine, yasahihishe kwa kuongeza rekodi mpya.

6.0 Majibu mengine

Git si jibu pekee. Mercurial, iliyoanza mwaka 2005 kama Git, ilileta mwaka 2012 mgawanyo wa rekodi kuwa za hadharani, za rasimu na za siri. Zilizo hadharani hulindwa zisiandikwe upya. Aidha, amri yake ya kupandikiza ikipewa rekodi ya chanzo huchukua na vizazi vyake vyote. Nyongeza yake iitwayo evolve inakwenda mbali zaidi: rekodi ikibadilishwa, huachwa hati inayosema kwamba rekodi hii imepitwa na mrithi wake ni ile. Watoto waliobaki juu ya mzazi aliyepitwa hutambuliwa wazi na kuitwa yatima, kisha programu inaweza kuwapeleka kwa mrithi. Hati hizo zinaweza kubadilishana kati ya hazina na hazina.

Jujutsu, iliyoanzishwa na Martin von Zweigbergk na ambayo inaweza kuhifadhi kazi yake katika hazina ya Git, huipa kila kazi vitambulisho viwili. Kimoja hubadilika kila inapoandikwa upya. Cha pili, yaani kitambulisho cha badiliko, hubaki. Rekodi ikirekebishwa, vizazi vyake vyote vilivyomo katika hazina hupandikizwa upya vyenyewe, na mgongano ukitokea hutunzwa ndani ya rekodi ili utatuliwe baadaye.

Fossil ya Richard Hipp, mtunzi wa SQLite, imechukua msimamo wa upande wa pili. Haina amri ya kupandikiza upya, na hilo ni kwa makusudi. Kwa waliyoiunda, rekodi ni ushahidi wa yaliyotokea, na kosa lililorekodiwa hurekebishwa kwa kuongezewa maelezo, si kwa kufutwa.

Mwanaisimu hatashindwa kuona kinachobishaniwa. Maumbo anaimba, waliimba na wataimba ni maneno matatu au ni neno moja? Kwa anayehesabu maumbo ni matatu; kwa mtunzi wa kamusi ni leksimu moja, -imba, yenye maumbo mengi. Git hujua maumbo tu: 3 na 3b ni vitu viwili. Jujutsu ina dhana inayokaribia leksimu: 3 na 3b ni maumbo mawili ya badiliko moja. Mercurial pamoja na evolve huandika uhusiano kati ya umbo na umbo. Fossil hukataa kubadili umbo lililokwisha kutamkwa. Hakuna jibu lililo kosa, lakini kila jibu humtwisha mtu mzigo tofauti. Pale programu isipojua leksimu, binadamu hana budi kuikumbuka.

7.0 Mtunzi na mnakili

Jambo moja zaidi katika Git linawahusu moja kwa moja wahariri. Kila rekodi hubeba majina mawili: la aliyetunga badiliko na la aliyeiweka rekodi katika hazina. Mara nyingi ni mtu mmoja. Lakini mtu akipandikiza kazi ya mwenzake, jina na tarehe ya mtunzi hubaki, na jina na tarehe ya mwekaji huwa mpya.

Upwa wa Waswahili unaujua mgawanyo huu. Muhammad bin Abubakar Kijuma wa Lamu aliwanakilia Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann miswada mingi, na mwenyewe alikuwa mtunzi. Msomaji wa nakala iliyotoka mkononi mwake hana budi kuuliza kila mara: maneno haya ni ya mtunzi wa awali au ya mnakili? Nakala inayotaja wote wawili huheshimu haki ya kila mmoja. Nakala inayotaja mmoja tu, hata ikiwa nzuri, imekata tawi.

8.0 Funzo kwa uhariri wa Kiswahili

Kamusi za Kiswahili zenyewe ni nasaba ya namna hii. Kamusi ya A. C. Madan ya Kiswahili na Kiingereza ilitoka mwaka 1903. Ile ya mwaka 1939 inayohusishwa na Frederick Johnson ilitangaza katika jina lake kwamba imejengwa juu ya Madan. Tangazo hilo lilifanya kazi ya kitambulisho cha mzazi: linamwezesha msomaji kupanda ngazi. Lakini Madan hakuweza kumtaja Johnson. Anayegundua leo kwamba kidahizo fulani kwa Madan kina kosa hawezi, kwa kukisahihisha huko, kuvisahihisha vitabu vyote vilivyokinukuu. Itambidi avifuate kimoja kimoja.

Mambo matatu yanafuata kutokana na hayo. La kwanza, mradi wowote wa matini za Kiswahili unaohifadhiwa kwa programu hizi ukubaliane mapema ni matawi yapi ya pamoja, yasiyoandikwa upya, na yapi ni rasimu za mtu binafsi. La pili, anayesahihisha msingi awajulishe walioanzia hapo, na aandike katika maelezo ya rekodi kile inachokirithi. La tatu, mhariri wa matini kongwe asifiche usahihishaji wake ndani ya matini. Aiache nakala aliyoipokea isomeke, kisha masahihisho yake yaonekane kuwa yake.

9.0 Hitimisho

Katika habari za Pate, shina lilipotea na wataalamu wakabaki kulinganisha matawi. Zana za leo zimeliondoa tatizo hilo kwa kiasi kikubwa, kwa maana mzazi hubaki kusomeka kwa muda wote ambao kuna tawi linalomtaja. Lakini zimeleta wepesi wa kumrekebisha mzazi kimyakimya huku watoto wake wakiwa mbali, na wepesi huo unaweza kuwaacha watu wakijenga kwa bidii juu ya msingi ambao mwenyewe ameuhama. Programu nyingine hupunguza hatari hiyo na nyingine huikataa kabisa. Hakuna iwezayo kuwapelekea habari wale isiowajua. Kazi hiyo imebaki kwa anayelihamisha shina: kabla ya kuling'oa, aulize ni nani waliopanda juu yake.